Cesare Beccaria (1738–1794) na Mpaka kati ya Dhambi na Jinai

1.0 Utangulizi

Cesare Beccaria ni miongoni mwa wataalamu wachache wa sheria ambao majina yao hutajwa katika kila somo la falsafa ya adhabu, ingawa hakujipatia sifa hiyo mahakamani. Sifa yake inatokana na kijitabu kimoja cha kurasa mia moja hivi, Dei delitti e delle pene, yaani kuhusu makosa ya jinai na adhabu, kilichochapwa Livorno mwaka 1764 bila jina la mwandishi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 26. Katika miaka thelathini iliyobaki hakuandika tena kitabu chenye uzito kama huo.

Kwa kawaida Beccaria hukumbukwa kama mpinzani wa mateso na wa adhabu ya kifo. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, lakini haigusi mzizi wa mawazo yake. Hoja inayozibeba hoja zake nyingine ni ile inayotenganisha dhambi na jinai. Katika Kiswahili neno kosa huweza kubeba dhana zote mbili, ilhali dhambi na jinai, maneno yote mawili yenye asili ya Kiarabu, yamekwenda njia tofauti: la kwanza limebaki katika uwanja wa dini na la pili katika uwanja wa mahakama. Tofauti hiyo, ambayo mzungumzaji wa leo huiona kuwa ya kawaida, haikuwa ya kawaida katika Ulaya ya karne ya 18. Makala haya yanaeleza maisha ya Beccaria kwa kuifuata hoja hiyo, tangu ilipoanza hadi ilipoingia katika sheria za dola, za mikataba ya kimataifa na hatimaye za Kanisa Katoliki lenyewe, ambalo hapo awali lilikipiga marufuku kitabu chake.

2.0 Malezi na Elimu

Beccaria alizaliwa Milano tarehe 15 Machi, 1738, katika familia ya kikabaila yenye cheo lakini isiyokuwa miongoni mwa zile tajiri kupindukia. Alipelekwa katika chuo cha Wajesuiti mjini Parma, ambako alikaa miaka minane. Alionyesha kipawa katika hisabati, na baadaye alilalamikia malezi ya chuo hicho kwamba yalibana hisia za vijana. Mwaka 1758 alihitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Pavia.

Tukio lililomfundisha maana ya mamlaka halikutokea darasani. Alipotaka kumwoa Teresa Blasco, binti wa afisa wa jeshi, baba yake alikataa kwa kuwa msichana huyo hakuwa wa hadhi yao. Kwa ombi la baba, serikali ilimweka kijana huyo kizuizini nyumbani kwa muda. Hakuwa ameshtakiwa kwa kosa lolote. Ilitosha kwamba mkuu wa nyumba alikuwa na uwezo wa kuiomba serikali imsaidie kumtia adabu mwanawe. Hata hivyo ndoa ilifungwa mwaka 1761, na Beccaria akaishi kwa shida hadi rafiki yake Pietro Verri alipofanikiwa kumpatanisha na wazazi wake.

Pietro Verri na mdogo wake Alessandro ndio waliomwingiza katika kikundi cha vijana wasomi kilichojiita Accademia dei Pugni, yaani chuo cha ngumi, kwa sababu ya ukali wa mijadala yake. Kikundi hicho kilitoa jarida lililoitwa Il Caffè kati ya mwaka 1764 na 1766. Alessandro alikuwa na wadhifa wa kuwalinda wafungwa, na kutoka kwake Beccaria alipata habari za magereza na za vyumba vya mateso ambazo vitabu vya chuo kikuu havikuzieleza. Pietro ndiye aliyempa mada na kumhimiza aandike kila mvivu alipomshika.

3.0 Sheria Aliyoikuta

Katika miaka hiyo Milano ilikuwa chini ya nasaba ya Habsburg ya Austria. Sheria yake ya jinai ilikuwa mchanganyiko wa sheria ya Kirumi, katiba za jimbo zilizotangazwa na Kaizari Charles V mwaka 1541, na maoni ya wanazuoni kama vile Giulio Claro na Prospero Farinacci, ambayo kwa desturi yalikuwa yamepata nguvu ya sheria. Charles V huyo huyo alikuwa amekwisha kutoa, mwaka 1532, kanuni ya jinai iliyokusudiwa kutumika katika Dola Takatifu yote, iliyojulikana kama Carolina. Kwa hiyo wazo la sheria ya jinai inayovuka mipaka ya nchi moja si geni. Ulaya ilikuwa nalo zamani, pamoja na mateso yaliyoruhusiwa ndani yake.

Mchango wa Kanisa katika mfumo huo ulikuwa mkubwa. Mtaguso wa Nne wa Laterani wa mwaka 1215 uliwakataza makleri kubariki majaribio ya moto na maji, ambayo yalitumika kumtambua mkosaji kwa hukumu ya Mungu. Hatua hiyo ilikuwa ya maendeleo, lakini iliacha pengo: binadamu sasa walilazimika kuthibitisha kwa akili zao kile walichokuwa wakimwachia Mungu. Wanasheria wakaweka kanuni kwamba ushahidi kamili ni mashahidi wawili walioona kwa macho, au kukiri kwa mshtakiwa mwenyewe. Palipokuwa na nusu ya ushahidi, mateso yaliruhusiwa ili kuijaza nusu iliyokosekana. Mwaka 1252 Papa Inosenti IV aliruhusu njia hiyo itumike pia dhidi ya watuhumiwa wa uzushi wa imani.

Hapo ndipo dhambi na jinai ziliposhikamana. Kiswahili hutofautisha kuungama dhambi mbele ya padri na kukiri kosa mbele ya hakimu. Kiitaliano kina neno moja kwa vitendo vyote viwili, na mahakama za wakati huo zilivitazama kama ndugu wa tumbo moja. Hata hivyo matokeo yake hayakulingana hata kidogo: kitendo cha kwanza kilimfungulia mtu mlango wa msamaha, na cha pili kilimfungulia njia ya kwenda kunyongwa.

Mjini Milano palikuwa na ushahidi wa hadharani wa mfumo huo. Mwaka 1630, wakati wa tauni, Guglielmo Piazza, afisa wa afya, na kinyozi Giangiacomo Mora walishtakiwa kwa kupaka kuta sumu ya kueneza ugonjwa. Waliteswa, wakakiri, wakauawa kikatili. Nyumba ya Mora ilibomolewa, na mahali pake ikasimamishwa nguzo ya fedheha. Nguzo hiyo ilikuwapo katika ujana wa Beccaria. Ilibomolewa mwaka 1778. Kosa lililothibitishwa kwa ushahidi kamili kufuatana na sheria halikuwahi kutendeka.

4.0 Hoja ya Kitabu

Beccaria alianza na dhana ya mkataba wa jamii. Watu walitoa sehemu ndogo ya uhuru wao ili wapate usalama, na jumla ya sehemu hizo ndiyo haki ya dola ya kuadhibu. Kila adhabu inayozidi mahitaji ya usalama huo ni dhuluma. Kutokana na msingi huu alifikia swali la kipimo: ukubwa wa kosa hupimwa kwa nini? Alivikataa vipimo vitatu vilivyozoeleka, yaani nia ya mtenda, cheo cha aliyekosewa na uzito wa dhambi. Uzito wa dhambi, kwa hoja yake, unategemea ubaya uliofichika moyoni, na moyo hausomwi na mwanadamu. Hakimu anayeadhibu dhambi huweza kumwadhibu ambaye Mungu amemsamehe, au kumsamehe ambaye Mungu amemhukumu. Kipimo pekee kinachofaa mahakamani ni madhara yaliyoipata jamii.

Hoja nyingine zilifuata kutoka hapo. Ikiwa mahakama haitafuti kutakasa roho, mateso yanakosa uhalali: mwenye hatia mwenye mwili imara atanyamaza na kuachiliwa, na asiye na hatia aliye dhaifu atakiri na kuadhibiwa. Kiapo cha mshtakiwa nacho hakina maana, kwa kuwa humlazimisha kuchagua kati ya kumkosea Mungu na kujiangamiza. Hifadhi ya mkosaji kanisani haifai, kwa sababu nguvu ya sheria lazima imfuate raia popote alipo. Kumwadhibu aliyejiua ni kuiadhibu maiti au familia isiyo na kosa. Mashtaka ya siri yafutwe. Sheria ziandikwe wazi katika lugha wanayoielewa wananchi, na adhabu ije upesi na kwa uhakika, kwani uhakika wa adhabu ndogo huzuia uhalifu kuliko tishio la adhabu kubwa ambayo mtu hutumaini kuikwepa.

Kuhusu adhabu ya kifo alitoa hoja mbili: kwamba hakuna aliyetia uhai wake katika mkataba wa jamii, na kwamba kifo, kwa kuwa hupita mara moja, hakiwatishi watu kama adhabu ya muda mrefu. Hata hivyo inafaa kuzingatia mambo mawili ambayo wasifu wake mwingi huyapitia haraka. Kwanza, aliacha nafasi ya kifo pale ambapo mtu, hata akiwa kifungoni, bado anahatarisha usalama wa taifa. Pili, badala ya kifo alipendekeza utumwa wa maisha, na aliusifu kwa sababu unatisha zaidi. Huruma haikuwa nguzo pekee ya kitabu chake; manufaa ya jamii yalikuwa nguzo ya pili, na mara nyingine nguzo hizo mbili hazikuelekea upande mmoja.

5.0 Upinzani wa Kanisa

Mwaka 1765 mtawa Ferdinando Facchinei, wa shirika la Vallombrosa, alichapisha kitabu cha kumpinga. Alimshtaki mwandishi kwa ukafiri na uchochezi dhidi ya watawala. Ndugu wawili wa Verri walijibu kwa haraka kwa niaba ya rafiki yao, na Hesabu Karl von Firmian, mwakilishi wa Austria huko Lombardia, alimkinga asiguswe na serikali. Roma haikuzuilika. Tarehe 3 Februari, 1766, kitabu kiliingizwa katika Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa.

Ni rahisi kuiona marufuku hiyo kama ukaidi wa watu waliopenda mateso. Kiini cha ugomvi kilikuwa kirefu zaidi. Kanisa lilifundisha kwamba mtawala huadhibu kwa mamlaka yanayotoka kwa Mungu, na kwamba sheria ya binadamu ni kivuli cha sheria ya milele. Beccaria hakukanusha kuwapo kwa sheria ya Mungu. Aliiondoa mahakamani tu, akaipa uwanja wake. Kwa mtazamo wa Facchinei, mtawala anayeadhibu kwa kibali cha raia peke yake ni mtawala ambaye raia wanaweza kumnyang'anya kibali hicho. Katika jambo hilo mtawa huyo alikuwa amekisoma kitabu vizuri kuliko baadhi ya waliokisifu.

6.0 Paris na Baada ya Paris

Tafsiri ya Kifaransa iliyofanywa na Padri André Morellet, aliyeipanga upya mpangilio wa sura, ilikieneza kitabu Ulaya nzima. Mwaka 1766 Voltaire alikiandikia ufafanuzi. Mnamo Oktoba mwaka huo Beccaria aliwasili Paris akifuatana na Alessandro Verri, akapokewa kwa shangwe na wanafalsafa. Mgeni huyo alikuwa mwenye haya, msemaji wa maneno machache na mwenye kumkumbuka mno mkewe. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kurudi Milano, akimwacha mwenzake aendelee na safari peke yake. Ndugu wa Verri waliudhika, wakaanza kudai sehemu yao katika sifa ya kitabu, na urafiki ukavunjika.

Kaizari Catherine II wa Urusi, ambaye katika maagizo yake ya kutunga sheria ya mwaka 1767 alichukua mengi kutoka kwa Beccaria, alimwalika kwenda kumtumikia. Beccaria hakwenda. Serikali ya Milano ikamfungulia nafasi ya kufundisha uchumi na utawala mwaka 1768, na kuanzia 1771 alikuwa mjumbe wa baraza la uchumi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alishughulikia nafaka, sarafu, na vipimo vya urefu na uzito. Teresa alifariki mwaka 1774, na kabla ya mwaka huo kwisha Beccaria alimwoa Anna Barbò.

Wapo waliomhesabu kuwa mwoga aliyejificha nyuma ya mafaili. Hukumu hiyo ina ukweli kiasi, lakini haizingatii alichokifanya mwishoni. Mwaka 1792, akiwa mjumbe wa tume ya kurekebisha sheria ya jinai ya Lombardia, alitia saini pamoja na Francesco Gallarati Scotti na Paolo Risi maoni ya wachache ya kupinga adhabu ya kifo. Humo hoja iliyopewa uzito mpya ilikuwa ile ya kutorudishika: ushahidi wa binadamu hauwezi kamwe kuondoa kila uwezekano wa kukosea, na adhabu ya kifo haimwachii hakimu nafasi ya kusahihisha. Mtu aliyekulia katika mji wenye nguzo ya Mora alijua uzito wa hoja hiyo. Alifariki kwa ghafla tarehe 28 Novemba, 1794.

7.0 Hoja Mikononi mwa Dola

Watawala walilichukua wazo lake kila mmoja kwa namna yake. Maria Theresa alifuta mateso katika nchi zake za urithi mwaka 1776, wakati Seneti ya Milano, ikiongozwa katika jambo hilo na Gabriele Verri, baba wa marafiki zake Beccaria, ikiendelea kuyatetea. Peter Leopold wa Toscana, katika kanuni ya tarehe 30 Novemba, 1786, alifuta mateso na adhabu ya kifo pamoja. Kaka yake, Kaizari Joseph II, katika kanuni ya mwaka 1787 aliiondoa adhabu ya kifo katika mashtaka ya kawaida, lakini badala yake wafungwa walifungwa minyororo na kuburuta mashua dhidi ya mkondo wa mto Danube, na wengi walikufa. Upungufu wa kitabu cha 1764 ulidhihirika hapo: adhabu iliyopimwa kwa manufaa peke yake yaweza kuua bila kuitwa kifo. Tamko la Haki la Ufaransa la mwaka 1789 lilikuja na sharti lililokuwa karibu zaidi na moyo wa Beccaria, kwamba sheria iweke zile adhabu tu zilizo za lazima kabisa.

8.0 Juu ya Dola, na ndani ya Kanisa

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hoja hizo zilipanda juu ya dola. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa mwaka 1950 ulikataza mateso na adhabu isiyotanguliwa na sheria. Itifaki yake ya mwaka 1983 ilifuta adhabu ya kifo wakati wa amani, na ile ya mwaka 2002 ikaifuta katika hali zote. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, haukuipa mahakama hiyo uwezo wa kuua. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unatamka kwamba adhabu ni ya mtu binafsi.

Tarehe 28 Novemba, 2019, Mahakama ya Afrika yenye makao yake Arusha iliamua, katika shauri dhidi ya Tanzania, kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyomwachia hakimu nafasi ya kupima mazingira ya kosa, inakiuka haki ya kuishi. Uamuzi huo unamthibitisha Beccaria na kumsahihisha kwa wakati mmoja. Yeye alimwogopa hakimu mwenye hiari kiasi cha kumtaka aitumie sheria kama mtu anayekokotoa hesabu. Mahakama ya Afrika iliona kwamba hesabu isiyomtazama mshtakiwa nayo ni dhuluma.

Kanisa lilifika polepole zaidi. Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa ilikoma kuwa na nguvu ya sheria mwaka 1966, miaka 200 kamili baada ya kitabu cha Beccaria kuingizwa humo. Mwaka 1969 Papa Paulo VI aliifuta adhabu ya kifo katika sheria ya Mji wa Vatikani. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 uliacha kuwanyima mazishi ya kanisani waliojiua, jambo ambalo ule wa mwaka 1917 uliliagiza. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha Katekisimu ili itamke kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Marekebisho ya sheria ya adhabu ya Kanisa, yaliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba, 2021, yaliandika waziwazi kwamba kila mtu huhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Hata hivyo Kanisa halikuuvuka mpaka wote. Kanuni ya 1399 bado inaruhusu kuadhibu uvunjaji wa sheria ya Mungu au ya Kanisa hata pasipo adhabu iliyotajwa, endapo uzito wa jambo na haja ya kuzuia kashfa vinadai hivyo. Pia adhabu za Kanisa zinakusudia, pamoja na kurejesha haki, kumrekebisha mkosaji. Sheria inayojali wokovu wa roho haiwezi kuridhika na kipimo cha madhara peke yake.

9.0 Hitimisho

Maisha ya Beccaria hayana ushujaa wa aina inayosimuliwa kwa fahari. Hakufungwa kwa ajili ya kitabu chake, hakupanda jukwaani, na alikimbia sifa alipoipata. Alichokifanya ni kumwambia hakimu kwamba moyo wa mshtakiwa si mali ya mahakama. Mjukuu wake, mwandishi Alessandro Manzoni, mwana wa binti yake Giulia, aliirudia baadaye kesi ya mwaka 1630 katika kitabu kuhusu nguzo ya fedheha. Manzoni, aliyekuwa Mkatoliki wa dhati, hakuridhika kuulaumu mfumo wa sheria peke yake. Alishikilia kwamba mahakimu wale wangeweza kuuona ukweli hata kwa sheria waliyokuwa nayo, na kwamba dhamiri zao zilikosa. Babu aliitoa dhambi katika kizimba cha mshtakiwa. Mjukuu aliiona imeketi katika kiti cha hakimu. Utafiti wa sheria ya jinai, iwe ya dola, ya mikataba au ya Kanisa, unazihitaji hoja zote mbili.